Maumivu Baada ya Upasuaji wa Uzazi: Tuyapangie kama Tunavyopanga Akiba

(Mazungumzo ya Kamati ya Jamii mbele ya wanachama na wageni, katika sherehe ya kutimiza miaka kumi ya kikundi)



 Miaka kumi si mchezo. Wapo waliotabiri kwamba wanawake hawawezi kukaa na sanduku moja hata msimu mmoja bila kugombana. Leo sanduku lipo, funguo tatu zipo, na sisi tupo.

Wenzetu waliotutangulia wameeleza vizuri habari za hisa, mikopo na miradi. Sisi wa Kamati ya Jamii tumepewa nafasi ya kuzungumzia afya, na tumechagua jambo ambalo huenda mkashangaa kulisikia kwenye sherehe ya akiba, yaani maumivu ya mama aliyejifungua kwa upasuaji wa kupangwa. Sababu zetu ni mbili. Kwanza, ndani ya kamati hii tumo tuliopita njia hiyo, tunayajua yanayosemwa na yasiyosemwa. Pili, jambo hili linaugusa mfuko wetu, na mwishoni tutaleta pendekezo ambalo tunaomba mlipime. Hatusemi haya kama madaktari. Tunasema yale yanayofundishwa wodini na kliniki, na mwenye hali yake ya pekee amsikilize daktari wake kwanza.

UPASUAJI WA KUPANGWA NI UPI?

Kuna upasuaji wa dharura, pale mama anapokuwa ameshaanza uchungu, au mtoto amechoka tumboni, na hakuna muda wa kuulizana. Na kuna upasuaji wa kupangwa. Huu mama huambiwa mapema kliniki. Labda alishapasuliwa uzazi uliopita, labda kondo la nyuma limeziba njia, labda mtoto ametanguliza makalio. Daktari humpa tarehe, mara nyingi mimba ikiwa imefikisha wiki 39, na mama hurudi nyumbani kufunga mzigo wake.

Mitaani kwetu bado yapo maneno. Utasikia kwamba aliyepasuliwa "hakuzaa, alizalishwa", kwamba ni mvivu wa kusukuma, kwamba hayo ni mambo ya wenye fedha. Jamani, maneno haya tuyaache. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2021 kwamba zaidi ya mtoto mmoja katika kila watoto watano wanaozaliwa duniani, yaani asilimia 21, huzaliwa kwa upasuaji. Ni kweli shirika hilohilo huonya dhidi ya upasuaji usio na sababu, lakini ule wenye sababu huokoa mama na mtoto. Ubaya wa maneno hayo ni kwamba yanamfunga mama mdomo. Mtu aliyeambiwa kwamba hakuzaa ataona aibu kusema kwamba anaumwa. Atakaa kimya, atauma meno, na wote watamsifu kwamba ni jasiri, kumbe anaumia bure.

KUTULIZA MAUMIVU SI MAMBO YA KIGENI

Wengine husema: "Mbona bibi zetu walivumilia?" Tuwajibu kwa historia ya hapahapa Afrika Mashariki. Mwaka 1879 Mwingereza mmoja aliyesomea udaktari, Robert Felkin, alishuhudia upasuaji wa uzazi huko Kahura, katika Bunyoro, Uganda ya leo. Habari hizo zilichapishwa katika jarida la madaktari la Edinburgh mwaka 1884. Mpasuaji alikuwa mganga wa hukohuko. Mama, ambaye ilikuwa mimba yake ya kwanza, alinyweshwa pombe ya ndizi mpaka akawa amelewa nusu kabla kisu hakijamgusa. Pombe hiyohiyo iliosha mikono ya mganga na tumbo la mama. Jeraha likafungwa kwa misumari myembamba ya chuma na nyuzi za gome la mti, likapakwa dawa ya mizizi. Siku ya kumi na moja lilikuwa limefunga.

Hatusemi leo mama anywe pombe, la hasha. Tunasema hivi: wale wazee walijua kwamba mtu hapasuliwi bila kutulizwa. Walianza na maumivu, ndipo wakashika kisu. Kwa hiyo asituambie mtu kwamba mwanamke wa Kiafrika ameumbiwa kuumia.

MAUMIVU YANATOKA WAPI?

Kovu la nje ni dogo, mara nyingi limelala chini karibu na mstari wa nguo ya ndani. Lakini daktari alipopita hapo alikata ngozi, mafuta, utando mgumu unaoshika misuli, utando wa ndani wa tumbo, hadi mfuko wa uzazi. Ni tabaka juu ya tabaka. Ndiyo maana mtazamaji huona kamstari kadogo tu na kusema, "Mbona umepona?", naye mama hawezi hata kucheka.

Mama wa upasuaji wa kupangwa kwa kawaida hupigwa ganzi ya mgongoni. Yuko macho, hasikii kisu, na mtoto akilia anamsikia. Ganzi hiyo huisha baada ya saa chache, na hapo ndipo maumivu huanza kujitambulisha. Yako ya aina tatu. Ya kwanza ni ya mshono wenyewe, yanayochoma mama anapoinuka, anapokohoa au anapogeuka. Ya pili ni ya mfuko wa uzazi unaojikaza kurudi mahali pake. Haya huja kama uchungu mdogo, hasa mtoto anaponyonya, na huwa makali zaidi kwa mama aliyekwisha kuzaa mara kadhaa. Msiyaogope, kwa maana kujikaza huko ndiko kunakozuia damu. Ya tatu ni ya gesi. Matumbo huwa yamelala baada ya upasuaji, na hewa iliyobaki huweza kuchoma mbavuni au hata begani, mama akadhani ni ugonjwa mwingine.

Kwa kuwa tarehe inajulikana, maswali yaulizwe kliniki kabla ya siku yenyewe. Ganzi ikiisha nitapewa nini? Nitapewa kila baada ya saa ngapi? Nikizidiwa usiku nimwite nani? Zipo hospitali zinazoweka mofini kidogo katika sindano ileile ya mgongoni, nayo huendelea kupunguza maumivu hata kufikia siku nzima, ingawa yaweza kuleta mwasho na kichefuchefu. Mwenye vidonda vya tumbo, pumu, ugonjwa wa figo au wa ini, au dawa inayomdhuru, aseme siku hiyohiyo na iandikwe kwenye kadi.

FUATA SAA, USINGOJE KILIO

Hapa ndipo penye kiini cha mazungumzo yetu, tunaomba msikilize kwa makini.

Wengi wetu tumezoea kumeza dawa pale tunaposhindwa kabisa. Mama anaulizwa, "Unaumwa?" Anajibu, "Kidogo tu, bado naweza." Anangoja mpaka anatetemeka, ndipo anaomba kidonge. Kidonge nacho kinahitaji kama nusu saa au zaidi kuanza kazi, na maumivu yakishapanda huwa magumu kuyashusha. Sisi wa kukopa tunaelewa lugha hii: maumivu ni kama deni lenye riba. Ukilipa kidogo kidogo kwa tarehe yake hulioni. Ukiliacha, linakuja na watoto wake. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Kwa hiyo siku za mwanzo dawa huliwa kwa saa, hata kama maumivu yametulia, kwa sababu yametulia kutokana na dawa hiyo. Dawa ya msingi ni parasetamoli, ambayo wengi huiita panadol. Kwa mtu mzima ni vidonge viwili vya miligramu 500 kila baada ya saa sita, na visizidi vinane katika saa 24. Tazameni ilivyo rahisi kwa saa zetu: saa 12 asubuhi, saa 6 mchana, saa 12 jioni, saa 6 usiku. Mama mwenye mwili mdogo sana au mwenye ugonjwa wa ini hupunguziwa, na hilo ni la daktari kuamua. Angalieni pia dawa za mafua, kwani nyingi zina parasetamoli ndani yake, na mtu anaweza kuzidisha bila kujua.

Pamoja nayo, daktari akiruhusu, hutolewa dawa ya kundi la pili, kama ibuprofeni au diklofenaki. Ibuprofeni kwa kawaida ni miligramu 400 kila baada ya saa nane, baada ya kula. Makundi haya mawili hufanya kazi kwa njia tofauti, ndiyo maana yakiwa pamoja husaidia kuliko moja peke yake. Lakini ibuprofeni na diklofenaki ni ndugu wa kundi moja. Chukua moja, usichanganye zote mbili. Na dawa za kundi hili si za mwenye vidonda vya tumbo wala mwenye figo mbovu. Mwenye pumu, aliyetokwa na damu nyingi au aliyepatwa na shinikizo la damu la mimba amwulize daktari kwanza.

"Je, na maziwa?" Swali hili tunaulizwa kila mara. Parasetamoli na ibuprofeni zinakubalika kwa mama anayenyonyesha, kwa kuwa kinachopita kwenye maziwa ni kidogo sana. Mama anayeacha dawa kwa kumhurumia mtoto hamsaidii, kwa sababu mwili unaoumia unachelewa kuachia maziwa, na mama asiyeweza kukaa hawezi kumpakata mwanawe. Dawa za kuogopwa ni nyingine. Mwaka 2017 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo kwamba mama anayenyonyesha asitumie kodeini wala tramadoli. Miili ya baadhi ya akina mama huzigeuza haraka kuwa dawa kali zaidi, mtoto akalala kupita kiasi na kupumua kwa shida. Basi jirani akikuletea kidonge "kikali" alichobakiza mumewe baada ya ajali, mshukuru na ukirudishe.

Siku mbili tatu za kwanza ndizo ngumu. Baada ya hapo maumivu hushuka, na baada ya wiki moja au zaidi kidogo wengi huanza kupunguza vidonge. Chukueni daftari, pigeni mistari kama ya kitabu cha hisa: tarehe, saa, dawa, idadi. Mama mwenye usingizi wa mtoto mchanga hakumbuki alimeza saa ngapi, na anayemwuguza akibadilishana zamu na mwingine atakuta hesabu iko wazi.

YASIYOHITAJI DUKA LA DAWA

Dawa peke yake haitoshi. Yapo mambo madogo ambayo hayana gharama:

Kuinuka. Usinyanyuke moja kwa moja kama unayeitwa na mgeni. Kunja magoti, geuka ubavu, shusha miguu, kisha jisukume kwa mkono. Tumbo lisifanye kazi ya kukuinua.

Kukohoa na kucheka. Weka mto, au kanga iliyokunjwa, juu ya mshono na ubonyeze taratibu. Hapo kikohozi hakitararua.

Kutembea. Ukiruhusiwa, simama siku ileile au kesho yake, utembee hatua chache ukiwa na mtu pembeni. Kutembea huamsha matumbo, hutoa gesi, na hupunguza hatari ya damu kuganda miguuni. Hapa ndipo mtaona faida ya kumeza dawa kwa saa. Mama anayeumia hatembei, na asiyetembea anachelewa kupona. Dawa imezwe kama nusu saa kabla ya kutembea au kuoga.

Kunyonyesha. Nyonyesha ukiwa umelala ubavu, au mshike mtoto pembeni chini ya kwapa, miguu yake ikielekea nyuma, ili asilalie mshono.

Choo. Maji ya kutosha, matunda, mboga za majani, papai. Choo kigumu ni adui wa mshono.

MILA ZETU

Hatukuja kutukana mila. Tumelelewa nazo, na nyingine zina hekima kubwa. Kumkanda mzazi kwa maji ya moto, kwa mfano, wengi wetu tunakupenda. Lakini mama aliyepasuliwa asikandwe tumbo. Ngozi kuzunguka mshono huwa na ganzi kwa muda, mama hasikii joto vizuri, anaweza kuungua, na kidonda kikilowa na kusuguliwa kinaingiwa na wadudu. Wanaotaka kumkanda wamkande mgongo na miguu kwa upole, lakini mguu ukiwa umevimba au unauma wauache, aende hospitali. Mkaja nao, kitambaa kipana kisichobana sana kinaweza kumpa nafuu anapotembea. Kukaza mpaka pumzi zinakata, fundo likakaa juu ya kidonda, hapana. Na majani, majivu au dawa ya meno visipakwe kwenye mshono. Usafishwe kama nesi alivyoelekeza, uachwe mkavu.

Ila ipo mila moja tunayotaka kuitetea kwa nguvu zote: arobaini. Wazee wetu walimweka mzazi ndani siku 40. Hospitali wanasema wiki sita, yaani siku 42. Mnaona hesabu zinavyokaribiana? Katika muda huo mama asinyanyue kitu kizito kuliko mtoto wake. Mtoto mchanga ana kilo tatu, nne hivi. Ndoo ya maji ya lita 20 ni kilo 20. Akina baba, hesabu hiyo tunawaachia ninyi.

MAUMIVU YANAYOTOA TAARIFA

Tumesema maumivu yatulizwe, lakini hatukusema yapuuzwe. Maumivu ya kawaida hupungua siku hadi siku. Yakigeuka yakaanza kupanda, hiyo ni taarifa. Mama arudi hospitali haraka, bila kungoja siku ya kliniki, akiona lolote kati ya haya:

- homa au kutetemeka;
- mshono kuwa mwekundu, kuvimba, kutoa usaha au kufunguka;
- damu nyingi, hasa inayojaza pedi nzima ndani ya saa moja, au uchafu wenye harufu mbaya;
- mguu mmoja kuvimba na kuuma kwenye shavu la mguu;
- kifua kubana au kushindwa kupumua;
- kichwa kuuma sana, macho kuona ukungu, au degedege;
- kichwa kinachouma akikaa na kutulia akilala, baada ya ile ganzi ya mgongoni;
- kushindwa kukojoa.

Na yapo maumivu yasiyo na kidonda. Mama akiwa na huzuni isiyokwisha baada ya wiki mbili, hataki kula, hataki kumwona mtoto, asiitwe mwenye kudeka wala mwenye mashetani. Apelekwe aonwe. Mficha maradhi kifo humuumbua.

PENDEKEZO LETU KWA KIKUNDI

Sasa basi, tunafika mfukoni. Ni kitu gani kinachomtoa mama kitandani wiki ya pili, mshono haujakauka, akaenda gengeni kupanga nyanya? Mara nyingi ni marejesho. Anajua Jumamosi kitabu kitafunguliwa, jina lake litasomwa, faini itaandikwa. Hivyo anameza maumivu yake, anabeba tenga, na wengine mshono unawafunguka. Akirudi wodini hapo anakaa muda mrefu zaidi, gharama zinaongezeka, na marejesho yaliyokuwa yasimame wiki sita yanasimama miezi. Kikundi nacho kinakuwa kimepata hasara mara mbili.

Tunapendekeza mambo matatu yaingizwe kwenye katiba yetu tunapoanza miaka kumi mingine.

La kwanza: mwanachama aliyejifungua kwa upasuaji, wa kupangwa au wa dharura, marejesho yake yasimame wiki sita bila faini wala riba ya nyongeza. Kwa wa kupangwa, kadi ya kliniki ionyeshwe kwa Katibu mapema.

La pili: ndani ya mfuko wa jamii tutenge fungu la uzazi. Tuseme tuko wanachama 30, kila mmoja akatoa shilingi 500 kwa mwezi. Hiyo ni shilingi 15,000 kwa mwezi, 180,000 kwa mwaka. Si fedha za kujengea ghorofa, lakini zinanunua dawa za maumivu, pedi, nauli ya kurudi kliniki, na sabuni.

La tatu halina fedha: zamu ya maji na kuni. Wanachama saba wanaokaa karibu, kila mmoja achukue siku moja ya wiki. Kwa wiki sita nzima, kila mmoja atakuwa ametoka mara sita tu, na mwenzetu hatakuwa ameinua ndoo hata moja.

Tunajua atakuwepo wa kuuliza: "Je, watu hawataitumia nafasi hiyo kukwepa kulipa?" Tunamjibu kwa heshima: hakuna mwanamke atakayekubali kupasuliwa tumbo ili akwepe marejesho ya wiki sita. Na mwingine atasema mfuko utayumba. Mfuko huyumbishwa na jambo lisilotarajiwa. Hili lina tarehe, mara nyingi tunaijua wiki kadhaa kabla. Kama tunaweza kupangia ada ya Januari na mbolea ya msimu, tunashindwaje kupangia kidonda cha mwenzetu?

Ndugu wanachama, tulipoanza kikundi hiki tulikubaliana kwamba hakuna aibu kusema, "Sina." Tukaona kwamba aliyesema alisaidiwa, na aliyenyamaza alizama peke yake. Leo tunaomba tuongeze neno la pili. Pasiwe na aibu kusema, "Naumwa." Pendekezo letu liko mezani kwa Mama Mwenyekiti, na tunaomba lipigiwe kura mkutano ujao. Wapo wenzetu wawili kati yetu ambao tarehe zao ziko karibu, nao wanangoja jibu.



Kamati ya Jamii